Wasomaji wanauliza: Nisome nini mambo yakiwa magumu?

SWALI: Mume wangu ameachishwa kazi na ada za watoto zimenikaba. Kila usiku nafungua Biblia popote, nasoma mstari wa kwanza ninaouona. Siku nyingine nafarijika, nyingine naogopa hadi usingizi unaruka. Tena kazini naambiwa niandike risiti zenye kiasi kisicholipwa, nami nipate changu. Nisome nini, na nisomeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana, dada. Kwanza acha kufungua popote. Mstari uliong'olewa mahali pake haukwambii nani anasema. Kitabu cha Ayubu kimejaa hotuba za rafiki zake, na mmoja wao, Bildadi (8:4), anafika hadi kudai kwamba watoto wa Ayubu walikufa kwa makosa yao. Ukiangukia hapo usiku, utaanza kutafuta dhambi iliyomfukuzisha mumeo kazi. Kumbe katika 42:7 Mungu anawakasirikia rafiki hao kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa.

Anza na Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Kaa nayo wiki nzima. Soma alfajiri kabla watoto hawajaamka, dakika 15, kwenye kitabu na si kwenye simu, maana ujumbe mmoja wa mdai ukiingia, sala imekwisha. Soma kwa sauti mara tatu bila haraka. Ya kwanza sikiliza tu. Ya pili simama kwenye neno lililokugusa, ulirudie. Ya tatu ligeuze liwe ombi lako, ukitaja ada hiyo na kiasi chake.

Wengi hukosea hapa: wanaruka malalamiko ya mistari 1 na 2, ambamo "hata lini" inarudi mara nne, wanakimbilia furaha ya 5 na 6. Shukrani ya kujilazimisha haishiki. Kama bado haijaja, baki kwenye "hata lini" bila hofu ya kumkosea Mungu. Zaburi 88 inaishia gizani kabisa, na bado imo kitabuni.

Wiki ya pili soma Zaburi 73, ya mtu anayewaonea wivu waovu kwa kuwa wananawiri. Angalia anavyogeuka kwenye mstari wa 17. Kisha Zaburi 15, kwa ajili ya risiti zako. Mstari wa 4 unamsifu asiyebadili kiapo chake hata kikimtia hasara. Andika kwenye daftari: risiti hii ikiandikwa ataumia nani, na saini ni ya nani? Ni yako, na wakaguzi wakija utaulizwa wewe. Mjibu bosi kwa ufupi, bila kumhukumu: "Naandika kiasi kilicholipwa tu." Huenda ikakugharimu, kwa hiyo zungumza mapema na mumeo na mchungaji wako, na uombe shule ikuruhusu kulipa ada kwa awamu. Usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, au ukianza kutamani kufa, nenda hospitali mara moja.

SWALI: Mimi ni Mwislamu, nasoma Qur'ani kwa Kiarabu bila kuelewa. Tumefiwa na baba. Nianzie sura gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa msiba. Anzia Surat Adh-Dhuha (ya 93), yenye aya 11. Soma aya kwa Kiarabu, halafu aya hiyo hiyo katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy pamoja na maelezo yake. Sura hii ilishuka baada ya wahyi (ufunuo wa Mungu kwa Mtume) kusita kwa muda. Aya ya 3 inamhakikishia Mtume (s.a.w.) kuwa Mola wake hakumwacha, na ya 6 inamkumbusha alivyokuwa yatima akapewa makazi. Usiishie kwenye faraja: ya 9 na ya 10 zinakataza kumwonea yatima na kumkaripia anayeomba. Kama baba ameacha wadogo zako, kazi yako imo humo. Orodhesheni madeni yake na kuyalipa kabla ya kugawa mirathi, na fungu la wadogo liandikwe mbele ya mashahidi.