Mtoto mwenye mrija shingoni anaweza kutoa sauti

Mtoto wa trakeostomi, yaani aliyetobolewa tundu shingoni na kuwekewa mrija wa kupumulia, hunyamaza, na watu nyumbani huanza kumwita bubu. Mara nyingi nyuzi zake za sauti ni nzima. Mrija umekaa chini yake tu, pumzi inatokea shingoni kabla ya kuzifikia.

Vali ya kuongelea ni kifuniko kidogo kinachowekwa kwenye mdomo wa mrija. Hufunguka mtoto akivuta pumzi, hujifunga akitoa. Hewa inalazimika kupita pembeni mwa mrija, ipande kooni hadi mdomoni. Kwa hiyo kabla ya kutafuta vali, jua kama pembeni pana njia. Mrija ukiwa mnene, au kukiwa na kovu juu yake, mtoto atavuta ashindwe kutoa. Hilo hukaguliwa na daktari wa masikio, pua na koo. Unayetoka Tanga kwenda Muhimbili, omba na jaribio la kwanza lifanyike safari hiyohiyo.

Mrija ukiwa na puto linalouzunguka ndani ya koo, hewa yote itolewe kwa bomba la sindano kabla ya vali kuwekwa. Yote, si nusu! Puto likijaa na vali ikajifunga, mtoto hana pa kutolea pumzi. Puto la sponji halitumiki na vali kabisa.

Mkalishe, fyonza makohozi ya mrijani na mdomoni, ndipo uweke vali. Anza na dakika chache, macho kwake. Kikohozi cha mwanzo ni kawaida, kwani pua ilishasahau kupitisha hewa. Lakini pua zikitanuka, mbavu zikibonyea, jasho likimtoka au ulimi ukigeuka rangi, itoe mara moja. Ukiitoa hewa ikafyatuka kwa kishindo, ilikuwa imebanwa ndani. Usiirudishe mpaka daktari autazame mrija. Akilala, au akipewa dawa ya mvuke, vali haikai.

Usimlazimishe kusema "mama". Mpe unyoya wa kuku aupeperushe, mapovu ya sabuni, filimbi. Kisha "mmm" na "aaa" ndefu. Asiyeweza vali bado afundishwe ishara na picha tangu sasa, maana lugha haingoji koo.

Vali ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, isuuzwe, ikauke yenyewe mbali na vumbi. Spiriti, brashi na maji ya moto huiharibu. Ikianza kunata au kulia, tafuta nyingine.