Mwanasaikolojia: muulize kasomea nini na anafanyaje kazi

Mkuu, umeuliza kama ni utovu wa adabu kumuuliza mwanasaikolojia kasomea nini na anatumia njia gani kabla hujaanza kumfungukia. Uliza tu, ni haki yako. Mimi nilienda baada ya ajali ya bodaboda, mguu ulishapona ila nikisikia honi moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, nazunguka vichochoroni ili tu nisivuke barabara kubwa, nyumbani wengine wakasema ni mashetani wengine wakasema nitazoea.

Dada niliyempata alianza kama nesi wodi ya magonjwa ya akili, baadae ndo akaenda kusoma ushauri nasaha mpaka masta. Siku ya kwanza kabla sijauliza akanieleza yeye sio daktari, dawa haandiki, ikifika huko atanipeleka kwa daktari wa akili. Na tunayoongea hayatoki mle ndani, labda aone nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Aisee hapo nilishusha pumzi, maana nilichoogopa zaidi ni habari zangu kufika mtaani.

Njia yake ni CBT, yaani tiba ya maongezi ya kubadili mawazo na matendo yanayokusumbua. Aliyeianzisha ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960, naye mwanzo alisomea ile njia ya Freud, daktari wa zamani wa Austria, ya kuchimba mambo ya utotoni, sasa akagundua wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanayopita fasta kichwani, sifai, nitashindwa, na wanayaamini bila kuyakagua. Kwahiyo usitegemee kulala kwenye kochi kama kwa Freud, unaongea na mwenzio kimya, ni kazi hasa. Nilipewa daftari niandike nilikuwa wapi, wazo gani lilipita, woga kiasi gani kuanzia 0 mpaka 100, na ushahidi wa hilo wazo uko wapi. Halafu kidogo kidogo, kwanza nikae kituoni niangalie magari bila kuvuka mpaka woga ushuke wenyewe, baadae barabara ndogo, ndo ije kubwa. Ni ngumu, kuna siku nilimkasirikia kabisa, ila hakuwahi kuniambia jikaze we mwanaume, na hakuna hatua aliyonisukuma kabla sijakubali.

Akianza kukuhubiria au akikuahidi kupona kwa kikao kimoja, tafuta mwingine. Walioko Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, kwahiyo huko muulize na usajili wake kabisa.