Pua iliyokwishapasuliwa: maswali yenu kuhusu kurudia

Shikamoo daktari. Nilinyooshwa pua miezi mitano iliyopita. Ncha bado imevimba na imelalia kushoto. Nikienda kwa daktari mwingine sasa hivi, atanirekebisha? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Ukimpata anayekubali haraka, mkimbie. Kwa kawaida husubiriwa angalau mwaka mmoja tangu upasuaji wa mwisho, na mwenye ngozi nene huenda akahitaji hata miaka miwili. Uvimbe huanza kupungua kule juu karibu na macho. Ncha ndiyo ya mwisho. Akipasua leo atakuwa anachonga uvimbe, tena katikati ya kovu bichi linalotoka damu ovyo. Wakati ukisubiri, donge la kovu juu ya ncha laweza kuchomwa sindano ya steroidi kwa dozi ndogo. Dozi ikizidi, ngozi hukonda na kuacha bonde.

Zipo dalili zisizosubiri hata kesho: usaha, homa, ngozi kugeuka nyeusi, au silikoni iliyowekwa puani kuanza kutokeza.

Nimeambiwa gegedu (mfupa laini) la kurekebishia pua yangu litatolewa ubavuni. Kwa nini lisitolewe humohumo puani? Nina keloidi (kovu linaloota na kuvimba) kifuani. – Msomaji, Mombasa

Kwa sababu huenda la puani lilikwishatumika. Gegedu la kwanza kutafutwa ni la ukuta unaogawa matundu mawili, maana limenyooka na ni imara. Lakini halikombwi lote: juu na mbele lazima ibaki fremu yenye upana wa sentimita 1 hivi, la sivyo mgongo wa pua hubonyea. Aliyekwishapasuliwa mara nyingi amebakiwa na fremu hiyo tu.

Linalofuata ni la sikio. Ni laini na limejikunja, kwa hiyo linafaa ncha na kuta za pembeni, ila halibebi mgongo mzima wa pua. Kazi hiyo ni ya ubavu. Ubavu nao una yake: kipande huweza kupinda baada ya kuwekwa, maumivu ya kifua huchukua wiki kadhaa, na mara chache utando wa pafu hutoboka. Muulize daktari atafanya nini hilo likitokea. Aliyezoea kazi hii atakujibu bila kubabaika.

Kuhusu keloidi, watu huhofia pua, kumbe pua yenyewe ni nadra kuota. Kifua na sikio ndiko zinakopenda. Lisemee hili kabla tarehe haijapangwa, kwa sababu linaweza kubadilisha mahali pa kuchukua gegedu, na kovu litahitaji kufuatiliwa kwa miezi.

Pua imependeza, ila tundu moja halipitishi hewa. – Msomaji, Nairobi

Weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta taratibu kuelekea sikioni, kisha vuta pumzi. Ukipata nafuu kubwa, huenda ukuta wa pembeni umelegea, na vipande vya gegedu vinaweza kuushikilia. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwani hata wenye pua nzima huona nafuu kidogo. Ukisikia mluzi na kupata magaga yenye damu, huenda ukuta wa kati umetoboka. Na kama umetumia dawa ya kupuliza ya kuzibua pua kwa zaidi ya wiki, yenyewe yaweza kuwa ndiyo inayoziba.

Je, sindano ya kujaza haiwezi kuficha bonde bila kisu? – Msomaji, Dar es Salaam

Kwenye pua iliyopasuliwa hatuishauri. Njia za damu zimeshabadilika. Dawa ikiingia mshipani ngozi hufa, na jicho laweza kupofuka.

Siku ya kumwona daktari nibebe nini? – Msomaji, Zanzibar

Ripoti ya upasuaji wa kwanza, inayoonyesha kilichotolewa na kilichowekwa, pamoja na picha zako za kabla. Taja dawa zote unazotumia, hasa aspirini na za mitishamba. Kama unavuta sigara, acha angalau wiki 4 kabla. Ngozi iliyopasuliwa mara mbili haina damu ya kuchezea.