Nani kashinda, mbona mtoto hajui?

SWALI: Shikamoo Babu. Mwanangu wa miaka 9 anacheza mpira wa Kigaelic, mchezo wa Ireland wa kutumia mikono na miguu, hapa Dublin. Nikimuuliza nani kashinda, ananiambia kocha hahesabu. Baba yake naye aliona kwenye televisheni 2-9 kwa 0-14, akashikilia kuwa wenye 14 ndio washindi. Tuamulie. – Mama wa mchezaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe pole mzee, kashindwa. Namba ya kwanza ni magoli, na kila goli ni pointi 3; ya pili ni pointi za kupitisha mpira juu. Mawili ni 6, ongeza 9, unapata 15. Wale wengine wamebaki na 14 zao.

Goli la mchezo huu lina umbo la H. Mpira ukiingia wavuni, huinuliwa bendera ya kijani. Ukipita juu ya mwamba, nyeupe, pointi 1. Tangu 2025, ukipigwa kutoka nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka golini ukapita juu, ni pointi 2, bendera ya rangi ya chungwa.

Kuhusu mtoto, kocha yuko sahihi. Hadi miaka 12 timu ni ndogo, kila mtoto lazima acheze, hakuna kombe wala msimamo wa ligi. Mashindano yenyewe huanza baadaye. Mimi naunga mkono: nimeona wengi wakizeekea benchi.

Mfundishe hatua nne akiwa na mpira mkononi, kisha audundishe au ajipigie mkononi kwa mguu. Kudunda mara mbili mfululizo ni kosa. Nilijaribu uani kwa mpira wa wavu. Ukaishia kwenye sufuria ya maharage ya jirani.