Lethi kuukuu nyumbani: ogopa rangi mpya kuliko kutu

Watu wananiuliza sana hii lethi (mashine ya kukereza chuma) niliitoa wapi na ilinila shilingi ngapi, hasa vijana wanaokuja kukerezewa bushi za wilibaro, sasa wacha niandike mara moja nipumzike kurudia. Niko Jinja, Uganda, karakana yangu ni gereji ya nyuma ya nyumba ambayo tangu ijengwe haijawahi kulaza gari. Mimi siyo injinia. Nilianza na jiliwa moja na keekee ya kusimama, na hata leo nikiulizwa aanzie wapi mtu asiye na kitu namwambia hizo mbili kwanza, lethi baadaye.

Mashine za zamani kwetu zipo, tena nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukavuta viwanda, vya nguo na vinginevyo, shaba ya Kilembe ilikuwa inapanda treni kule Kasese inakuja kuyeyushwa hapa hapa Jinja, na kiwanda cha maana kilikuwa na karakana yake na mashine nyingi zilikuwa za Kiingereza. 1972 Wahindi wakafukuzwa, mambo yakayumba, mashine nyingine zikabaki pembeni chini ya mabati yanayovuja. Sasa hivi ukichelewa unakuta imeshauzwa kwa kilo. Mshindani wako siyo fundi mwenzio, ni mtu wa skrapu mwenye mizani, na yeye hajali kama ni lethi au ni kengele ya kanisa.

Yangu ni Boxford, imetengenezwa Halifax huko Uingereza, hizi zilikuwa zinapendwa sana kwenye shule za ufundi. Shule moja huku mashariki ilikuwa inasafisha stoo, mwaka 2021, wakatuambia kuna mbili. Ya kwanza imepakwa rangi ya kijani inang'aa mpaka unajiona sura. Ya pili kuku walikuwa wanalala juu yake, sitanii, mavi ya kuku yamekauka kwenye reli (zile njia za chuma kigari cha kubebea kisu kinapopita) na kutu imekula mpaka mikono ya kuzungushia. Sote tulioenda siku hiyo tukakimbilia ya kijani.

Bahati yangu kuna mzee mmoja nilikwenda naye, alikuwa fundi wa reli zamani, akaniambia kijana, hebu pitisha ukucha pale karibu na chaki. (Chaki ya lethi, lile dude lenye meno matatu linaloshika chuma, siyo ya ubaoni.) Nikapitisha. Ukucha ukakwama kwenye ngazi kabisa, maana kazi nyingi ya lethi inafanyika karibu na chaki na hapo ndipo kigari kinapokwenda na kurudi miaka yote, reli inalika pale tu huku kule mwisho iko kama ilivyotoka kiwandani. Akaniambia sasa kaza kigari hapo karibu na chaki mpaka kiwe kinakwenda kwa shida kidogo, halafu kivute kule nyuma. Hakikufika hata nusu, kikaganda. Hiyo ndiyo ya kijani. Ile ya kuku tukaimwagia dizeli, tukakwangua kwa wembe, kigari kikatembea mwanzo mpaka mwisho na ugumu ule ule. Kutu ilikuwa ya juu tu.

Kwa hiyo ukiona rangi mpya kwenye mashine ya miaka hamsini jiulize imeficha nini. Ufa kwenye chuma cha kalibu (cha kumimina) unafichwa na puti na rangi, jino la gia lililovunjika linafichwa na grisi nyingi. Mashine chafu haina siri. Mkono ukizungusha robo nzima kabla kisu hakijaanza kutembea usikimbie, hiyo ni nati ya shaba inabadilishwa, lakini beringi za spindo (mhimili unaozungusha chaki) ukishika chuma kirefu kwenye chaki ukainua ukasikia tok, hapo punguza bei sana au nenda nyumbani. Na hesabu vitu vinavyokosekana! Gia za kubadilisha, ufunguo wa chaki, kile kichwa cha nyuma kinachoshikilia ncha ya pili ya chuma, hivyo ndivyo vitakutoa jasho, kutu ni kazi ya wikiendi mbili.

Nilitoa milioni mbili na laki nne, Canter laki mbili, na vijana sita wa kubeba. Lethi ni nzito juu nyepesi chini, inapenda kuanguka, kwa hiyo sukuma kichwa cha nyuma kule mwisho, tumia mitalimbo na mabomba ya kuviringishia, na asiwepo mtu anayesimama upande inakoweza kulalia, hata akisema ana nguvu.

Halafu wiki ya kwanza nikaivunja mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Chaki ya hii mashine imefungwa kwa nyuzi kama za bolti kwenye spindo, inchi moja na nusu, nyuzi 8 kwa inchi, na ilikuwa imeganda. Sasa kuna gia za nyuma za kupunguzia mwendo, ukiziingiza huku ile pini ya mbele bado imeshika, spindo yote inajifunga haizunguki. Nikaona ah, Mungu ananipenda, hii ndiyo breki yenyewe. Nikafunga, nikaweka bomba la mita moja kwenye chaki nikaning'inia. Ka! Chaki haijatingishika, meno mawili ya gia yako sakafuni. Banange, nilikaa kwenye ndoo nikayaangalia yale meno kama nusu saa. Baadaye nikaja kujua ndiyo kosa la kila mwenye lethi ya aina hii, gia ni chuma cha kalibu, hakipendi kupigwa ghafla.

Njia yenyewe ni hii: mwagia mafuta ya kupenya, subiri siku, mwagia tena, mimi nilingoja wiki tatu. Funga mkanda wa zamani kwenye puli na uubane kwa mti ili puli ndiyo ishike badala ya gia, pasha moto kidogo bamba la nyuma ya chaki, weka chuma kati ya meno yake halafu gonga kwa nyundo ya mti, gonga kavu kavu, usivute kwa bomba. Ilitoka siku ya Jumapili mchana kama kifuniko cha chupa.

Gia nilipeleka Katwe, ile ya Kampala ya mafundi, siyo ile ya chumvi huko Kasese. Kuna mzee pale sijawahi kuona mtu ana subira kama yeye. Alipiga tupa mahali jino lilipokuwa mpaka pakawa bapa, akatoboa matundu matatu, akaingiza skrubu tatu zikasimama kama vijiti, akapasha gia yote polepole kwenye mkaa, akajazia shaba juu ya skrubu mpaka ikawa uvimbe mbaya, halafu akaifukia kwenye majivu ipoe mpaka asubuhi. Kesho yake akakata boksi la viatu kwa kufuatisha jino zima, hicho ndicho kipimo chake, akakaa na tupa anakula, anapima, anakula, anapima. Laki moja na nusu kwa meno mawili. Mpaka leo yanafanya kazi, unayatambua tu kwa rangi ya njano.

Kutu ya vipande vidogo niliitoa kwa umeme. Beseni la plastiki, maji, magadi vijiko kadhaa, chaja ya betri ya gari. Kipande chenye kutu kinafungwa kwenye hasi, chuma chakavu cha kawaida kwenye chanya, ukikosea kipande chako ndicho kinacholiwa. Acha usiku kucha, asubuhi kutu imegeuka tope jeusi unasugua kwa brashi. Fanyia nje maana kinatoka hewa inayoshika moto, usitumie stenlesi kwenye chanya inatoa sumu, alumini usiitumbukize kabisa, na usiweke chumvi badala ya magadi, hata ikiwa ya ile Katwe nyingine, itakutolea klorini usoni. Mama watoto alisema maharage yamekosa magadi wiki nzima kwa sababu yangu, na ni kweli. Reli za lethi usiziguse na grinda wala msasa, wembe na dizeli tu. Rangi ya zamani pia usiipige msasa mkavu, nyingi ilikuwa na madini ya risasi yenye sumu, ilainishe kwa dawa ukwangue.

Umeme ndio unaowakatisha watu tamaa. Mota inataka fezi tatu za 415, nyumbani una fezi moja ya 240. Usitupe mota. Nunua inveta ndogo ya mota, siyo ya betri, inaingiza 240 ya fezi moja inatoa fezi tatu, ila hizo tatu pia ni 240 siyo 415, kwa hiyo mota lazima ifungwe delta, yaani nyaya zake ziungwe kwa pembetatu. Ikiwa kibati chake kinasema 240 na 415 unahamisha vibati vya shaba kwenye boksi basi. Yangu ilisema 415 peke yake, nyaya tatu tu zinatoka. Fundi wa kusuka mota akaifungua, akatafuta ndani pale ncha tatu zimeunganishwa, akazitenganisha akazitoa nje zikawa nyaya sita, elfu sitini. Waya wa inveta uende moja kwa moja kwenye mota, usiweke swichi katikati ukazima ikiwa inazunguka, utaua inveta, tumia vitufe vyake. Raha nyingine ni kwamba unabadilisha mwendo bila kuhamisha mkanda.

Mikanda na beringi usihangaike kuagiza mbali kabla hujapita kwenye maduka ya vipuri vya mashine za kusaga posho. Nenda na kipande cha zamani mkononi, beringi ina namba pembeni, soma hiyo. Bolti ndiyo shida, za zamani ni za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, spana zako za milimita zitazila kona, mimi nililazimika kuokota spana za Whitworth moja moja.

Kinachonikera mpaka sasa ni gia moja. Skrubu kuu ya mashine ni ya inchi, ukitaka kukata nyuzi za milimita unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4 na hiyo hesabu haitoki sawasawa na namba ndogo zaidi. Kwenye sanduku la shule nilikuta gia zote isipokuwa hiyo. Nyuzi za milimita bado nakata kwa tapu na dai (vyuma vya kukatia nyuzi) kwa mkono kama zamani, na yule mzee wa Katwe kaniambia nimletee bamba la chuma atatoboa na kuchonga kwa tupa meno yote 127 mwenyewe. Sijajua kama anatania.