Hataza Yangu Inaisha Lini? Majibu kwa Wasomaji

Tangu niandike kuhusu namna ya kusajili uvumbuzi, barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinazunguka neno moja: muda. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze kitu ulichovumbua bila ruhusa yako. Haki hiyo ina mwisho wake: Kenya ni miaka 20. Nimechagua maswali matano.

“Nilipeleka ombi la mashine yangu ya kubangua njugu Machi 2019, cheti nikakipata 2022. Ile miaka 20 naihesabu tangu lini?” (Fundi wa kuchomelea, Nakuru)

Tangu Machi 2019. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo, wazazi wakachelewa kumchukulia cheti hadi 2022, hapunguziwi umri kwa sababu ya cheti. Toa hataza yako kabatini uisome vizuri: utaona tarehe ya kuwasilisha ombi na tarehe ya kutolewa. Ipigie mstari ile ya kwanza. Kwa sheria ya Kenya ya 2001 ulinzi wako unakoma Machi 2039, na ile miaka mitatu uliyokaa ukisubiri imeshaliwa. Wamarekani zamani walihesabu miaka 17 tangu hataza itolewe, lakini maombi yaliyowasilishwa kuanzia Juni 1995 nayo yakaingia kwenye miaka 20 tangu siku ya ombi.

“Kwa hiyo nikishapata cheti nina raha miaka yote 20?” (Msomaji, Thika)

Ungekuwa na raha kama si ada ya kila mwaka. Hataza nyingi hazifi kwa uzee, zinakufa kwa kutolipiwa. Ukipitisha siku, Kenya inakupa miezi sita ya kulipa pamoja na faini. Nayo ikipita, uvumbuzi wako ni wa kila mtu.

Niliwahi kuwa na mteja aliyebadilisha namba ya simu na anwani ya baruapepe mwaka mmoja, asinijulishe. Nilimtafuta hadi kwao kijijini. Aliponipigia mwenyewe, akitaka kumshtaki mtu aliyemwiga, hataza ilikuwa imekufa miezi minne kabla. Andika tarehe ya ada ukutani, palepale unapoandika ya kodi ya nyumba.

“Mwenzangu anasema Tanzania hataza ni miaka 10 tu. Ni kweli?” (Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam)

Amekupa nusu ya habari. Sheria ya hataza ya Tanzania Bara, iliyotungwa 1987, iliweka miaka 10 ya kwanza, kisha mwenye hataza anaweza kuomba mitano, halafu mitano tena. Lakini haongezewi kwa kulipa ada peke yake. Anatakiwa aonyeshe kuwa uvumbuzi unatumika nchini, au atoe sababu ya maana kwa nini hautumiki. Mimi naipenda roho ya sharti hilo: ukitaka tukulindie kitu, tukione kikifanya kazi. Kama unataka kusajili, nenda BRELA, ofisi ya Tanzania Bara inayosajili biashara na hataza, ukawaulize utaratibu wa sasa, na kumbuka Zanzibar ina sheria yake.

“Nasikia kampuni za dawa huongezewa miaka. Mbona sisi hatuongezewi?” (Mfamasia, Mombasa)

Zinaongezewa, lakini si hapa. Dawa hukaa miaka kwenye majaribio kabla ya kuruhusiwa sokoni, na muda huo wote hataza inazidi kuzeeka. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1984 inaruhusu kurudishiwa hadi miaka mitano, na Umoja wa Ulaya una cheti chake cha kuongeza ulinzi, nacho kwa kawaida hakizidi mitano. Sheria ya Kenya haina mlango huo: 20 ni 20.

Kuna njia nyingine, na hii ndiyo inayowaumiza wagonjwa. Kampuni inaomba hataza mpya juu ya badiliko dogo la dawa ileile: chumvi yake (yaani kemikali inayounganishwa na dawa ili itengenezeke kidonge), au umbo la kidonge. Chukua bedaquiline, dawa ya kifua kikuu sugu ya Johnson & Johnson. Hataza kuu nchini India ilikuwa ikiisha Julai 2023, na ombi juu ya chumvi yake lingeisogeza hadi 2027. Wanawake wawili waliopona kifua kikuu sugu, mmoja wa India na mwingine wa Afrika Kusini, walipinga ombi hilo. Wote wawili dawa za zamani zilikuwa zimewapotezea uwezo wa kusikia. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikalikataa.

Kwa hiyo mfamasia, ukiambiwa dawa fulani bado ina hataza, uliza ni hataza gani: ya dawa yenyewe, au ya koti ililovalishwa juzi?

“Naweza kutengeneza mashine ya Kizungu niliyoiona kwenye video? Imeandikwa ina hataza Marekani.” (Kijana wa jua kali, Kisumu)

Hataza haivuki mpaka. Kama mwenyewe hakuomba ulinzi Kenya, moja kwa moja kupitia KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, au kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kusajili hataza lililoko Harare, huku akiitaja Kenya, hapa hana la kukufanya. Hakikisha kwanza kwa kupekua daftari la KIPI, na usiuze mashine hiyo Marekani. Pia usibandike jina lake wala nembo yake. Alama ya biashara Kenya hudumu miaka 10 na husajiliwa upya bila kikomo, kwa hiyo hata mashine ikiwa huru, jina linaweza kuwa bado lina mwenyewe.