Mchezo wa kompyuta wa Spacebase DF-9 ulikamilika au uliachwa njiani?

Uliachwa njiani, ndugu, ingawa kwa jina ulifika toleo la 1.0, yaani lile linalohesabiwa kuwa kamili. Watengenezaji wake, studio ya Double Fine, walianza kuuza mchezo huu wa kujenga kituo cha angani Oktoba 2013 ukiwa bado unatengenezwa, wakaonyesha orodha ndefu ya mambo ambayo wangependa kuyaongeza. Septemba 2014 wakatangaza kwamba kazi inafungwa, na 1.0 ikatoka Oktoba hiyo iliyofuata. Tim Schafer, mkuu wa Double Fine, mwenyewe aliwaeleza wachezaji sababu: mauzo hayakuwa yakilipia gharama ya kuendelea.

Ndiyo maana ukisoma maoni ya wachezaji unakuta hasira nyingi, na mimi naona wana haki. Mtu alilipia kilichokuwepo na pia kile alichoonyeshwa kuwa kinakuja. Nimeucheza, na msingi wake ni mzuri sana: unachimba madini kwenye vimondo, unajenga chumba kimoja kimoja, ukuta ukitoboka oksijeni inavuja na watu wako wanakufa mbele ya macho yako. Lakini kituo kikishatulia, hakuna kikubwa kilichobaki cha kufanya. Hapo ndipo pengo linapoonekana.

Ila kuna jambo moja la kuwashukuru: waliachia msimbo wa mchezo ulioandikwa kwa Lua (lugha ya kuandikia programu), na wachezaji wenyewe wakaendelea kurekebisha hitilafu. Kwa hiyo ukiucheza leo, tafuta marekebisho hayo ya wachezaji kwanza.